Saratani ya Koo: Mlinzi Hafundishwi Mwizi Akiwa Ndani

Kwa miaka mingi saratani ya koo ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mvuta sigara na mnywa pombe. Aliyeugua aliulizwa kwanza amevuta kwa muda gani, na akijibu kwamba hajapata kugusa sigara, waliomzunguka walistaajabu. Mastaajabu hayo yamepitwa na wakati. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba saratani saba katika kila kumi za sehemu ya koo iliyo nyuma ya kinywa, yaani kwenye tezi za koo na shina la ulimi, zina uhusiano na kirusi. Wengi wa wanaougua huko ni wanaume, na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa.

Kirusi hicho si kigeni katika Afrika ya Mashariki. Ni kile kile kiitwacho HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao wauguzi wa nchi hizi wanaufahamu vizuri mno. Kwa hiyo habari za saratani ya koo si habari za watu wa mbali. Elimu iliyopatikana juu ya kirusi hiki, juu ya kinga ya mwili, na juu ya dawa mpya za kuiamsha kinga hiyo, inamhusu mtumishi wa serikali anayepanga matumizi ya wilaya. Inamhusu zaidi mwalimu, ambaye darasani mwake wamo wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne.

MWIZI ANAYEJIFICHA

Aina za HPV zilizokwisha tambuliwa zinazidi 200. Nyingi hazina madhara makubwa, na baadhi huleta chunjua tu. Chache ndizo za hatari, na katika saratani ya koo aina ya 16 ndiyo yenye hatia kubwa kuliko zote. Mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyethibitisha kwamba virusi vya jamii hii husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kazi hiyo alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, ikiwa ni pamoja na kwa njia ya kinywa. Jambo hili lisiwe sababu ya kumwonea haya mgonjwa wala kumnyanyapaa, kwa kuwa watu walio wengi duniani hukipata wakati fulani wa maisha yao, na walio wengi kinga zao hukifukuza bila wao wenyewe kujua. Taabu huanza kwa wale wachache ambao kirusi hubaki mwilini mwao. Hujificha katika mikunjo ya tezi za koo, zile ambazo zikivimba mtoto huambiwa ana mafindofindo, na huweza kukaa humo miaka mingi kabla ya uvimbe kuonekana.

Wakati huo wote kirusi hufanya kazi ya hujuma. Hutengeneza protini mbili, wataalamu wameziita E6 na E7. Ya kwanza huiangamiza protini ya mwili iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuikagua kila seli, kuizuia ile iliyoharibika, na ikibidi kuiamuru ife. Ya pili huivunja nguvu protini nyingine inayoizuia seli isigawanyike ovyo. Mkaguzi ameuawa, na lango limeachwa wazi. Seli huanza kuzaana bila mpango, na huo ndio mwanzo wa saratani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na maneno hayo yanaeleza barabara hali ya ugonjwa huu: seli ya saratani haikutoka nje, ni seli ya mwili wenyewe iliyoasi.

ASKARI NA AMRI YA KUTULIA

Mwili haukuachwa bila ulinzi. Katika damu na tezi zake mna chembe nyeupe za aina nyingi, na miongoni mwao mna seli zijulikanazo kama seli za T. Hizi huzunguka kama askari wa doria. Kila seli ya mwili huonyesha juu ya ngozi yake vipande vya protini inazotengeneza, mfano wa mtu anayeonyesha kitambulisho. Seli ya T ikikuta kipande cha kigeni huishambulia seli hiyo na kuiua.

Hapa ndipo saratani iliyoletwa na kirusi ina udhaifu wake. Protini za E6 na E7 ni za kigeni, na saratani haiwezi kuzitupa kwa kuwa uhai wake unazitegemea. Mwizi huyu amevaa shati lenye alama, wala hawezi kulivua. Wataalamu wanaona kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wa saratani ya koo iliyotokana na HPV kuishi zaidi kuliko wale ambao ugonjwa wao ulitokana na tumbaku. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, baada ya miaka mitatu asilimia 82.4 ya wenye saratani ya kirusi walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 57.1 ya wale wengine. Wote walikuwa wametibiwa kwa mionzi na dawa.

Lakini ikiwa alama ipo, kwa nini askari hawamkamati mwizi mapema? Jibu lake ndilo lililobadili tiba ya saratani duniani. Askari asiye na nidhamu ni hatari kwa raia kama alivyo hatari kwa adui. Kinga isiyojua kusimama huushambulia mwili wenyewe, ikaharibu viungo, ngozi au kongosho. Kwa sababu hiyo kila seli ya T ina sikio la kusikilizia amri ya kutulia. Sikio mojawapo, liitwalo PD-1, liligunduliwa nchini Japani mwaka 1992 na Tasuku Honjo na wenzake. Seli za kawaida za mwili hulitumia sikio hilo kujilinda. Saratani nayo imejifunza hila hiyo: hujivika protini iitwayo PD-L1, na askari anapofika humwambia, "Tulia, hapa ni salama." Askari hutii, na mwizi huendelea na kazi yake.

Honjo pamoja na Mmarekani James Allison, aliyeichunguza breki nyingine ya kinga iitwayo CTLA-4, walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba askari wanaweza kuzibwa sikio hilo na kurudi kazini. Dawa zilizotokana na fikra hiyo haziiui saratani kwa sumu. Zinamwondolea mlinzi kizuizi ili afanye kazi aliyoumbiwa.

MAFANIKIO NA MIPAKA YAKE

Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa mbili za namna hiyo, pembrolizumab na nivolumab, kwa saratani za kichwa na shingo zilizorudi au kusambaa baada ya tiba ya kawaida kushindwa. Katika jaribio moja la nivolumab lililohusisha wagonjwa 361, waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 36 ya waliopewa dawa hiyo, na chini ya asilimia 17 ya waliopewa dawa za zamani. Mwezi Juni mwaka 2025 pembrolizumab iliruhusiwa itumike pia kabla na baada ya upasuaji kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani yao haijasambaa mbali.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kata tamaa, haya si mambo madogo. Hata hivyo ukweli wote hauna budi kusemwa. Katika wagonjwa kumi ambao saratani yao imerudi, mmoja au wawili tu ndio ambao uvimbe wao hunywea sana kwa dawa hizi zikitumiwa peke yake. Wako miongoni mwao wanaoishi miaka mingi, lakini walio wengi hawapati bahati hiyo. Aidha, askari aliyezibwa sikio huweza kumpiga raia: tezi ya shingo, mapafu, utumbo na ini huweza kushambuliwa, na hospitali isiyo na wataalamu wa kuyatambua madhara hayo mapema huweza kumpoteza mgonjwa kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kumwokoa.

Utafiti unaendelea. Ziko chanjo za tiba zinazojaribiwa, ambazo lengo lake ni kuwafundisha askari kuzitambua E6 na E7 hata baada ya saratani kuanza. Mwezi Agosti mwaka 2025 Marekani iliidhinisha tiba ya jamii hiyo kwa vinyama vya kooni visivyo saratani, ambavyo huletwa na HPV za aina ya 6 na 11 na huwalazimisha wagonjwa kupasuliwa mara kwa mara. Njia inaonekana, ila bado ni ndefu.

BEI NA HAKI

Dozi moja ya pembrolizumab, inayotolewa kila baada ya majuma matatu, huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 10,000. Mgonjwa huihitaji mara nyingi, pengine kwa miaka miwili. Hakuna mshahara wa mwalimu, wala wa mkuu wa idara, unaoweza kubeba mzigo huo. Wala si haki kuwaambia wananchi kwamba uhai una bei na wao hawana fedha, basi mambo yamekwisha.

Mfano wa kufuata umetoka India. Madaktari wa Hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai hawakungoja bei ishuke. Walijiuliza kama kiasi chote cha dawa kilichowekwa na watengenezaji kinahitajika kweli. Wakawapa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo nivolumab ya miligramu 20 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi cha kawaida, pamoja na vidonge vya bei nafuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 43.4 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, na asilimia 16.3 tu ya waliopewa vidonge peke yake. Jaribio lilikuwa la watu 151, na India ina tatizo lake kubwa la tumbaku ya kutafuna, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishwa mahali pengine bila uchunguzi. Lakini swali lililoulizwa ni swali la watu wanaojitegemea kwa fikra, na nchi za Afrika ya Mashariki zinao madaktari wanaoweza kuuliza maswali ya namna hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2025, liliiingiza pembrolizumab katika orodha ya dawa muhimu kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, ambayo ni ndugu wa damu wa saratani hii ya koo. Hataza kuu za dawa hiyo nchini Marekani zinatarajiwa kumalizika mwaka 2028, na viwanda vingine vinajiandaa kutengeneza za mfano wake. Serikali zitakazojiandaa tangu sasa, kwa maabara za kupima vinyama, kwa wataalamu, na kwa kununua kwa pamoja, ndizo zitakazofaidi. Zitakazolala zitaletewa dawa zisiloweza kuitumia.

MCHANGO WA AFRIKA YA MASHARIKI

Baadhi ya watu hudhani kwamba elimu hii yote imetoka ng'ambo, na kwamba kazi ya Mwafrika ni kupokea. Historia inakataa. Iko saratani nyingine ya koo, ile ya sehemu ya juu nyuma ya pua, ambayo huonekana sana kusini mwa China na hupatikana pia Afrika ya Mashariki. Hiyo huhusishwa na kirusi kingine kiitwacho Epstein-Barr. Kirusi hicho kilionekana kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1964, lakini kilionekana ndani ya vinyama vilivyotoka kwa watoto wa Uganda, waliokuwa na uvimbe wa taya ulioelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuthibitika kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu. Leo China imetengeneza dawa yake ya kuwaondolea askari kizuizi, toripalimab, na mwezi Oktoba mwaka 2023 Marekani iliikubali kwa saratani hiyo ya nyuma ya pua.

Mchango wa karibu zaidi ni wa Mwanza. Huko wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Ilionekana kwamba hata dozi moja iliujengea mwili kinga iliyodumu. Nchini Kenya, wanawake vijana 2,275 walishiriki katika utafiti mwingine, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizo ya kudumu ya aina za 16 na 18. Mwezi Desemba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike. Dunia nzima, ikiwa ni pamoja na mataifa tajiri, inafaidika kwa subira ya wasichana wa Mwanza na wa Kenya.

KAZI YA SHULE NA YA OFISI

Rwanda ilianza kuchanja kitaifa mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwezi Aprili mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Mwaka 2024 Tanzania iliingia katika utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo ina ganda la kirusi peke yake. Ndani yake hamna kitu kinachoweza kuzaa wala kuambukiza. Kinga hulitazama ganda hilo, hulikariri, na hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, ili kirusi chenyewe kikija kikute lango limefungwa.

Faida yake haikomei kwenye mlango wa kizazi. Nchini Costa Rica ilionekana mwaka 2013 kwamba waliochanjwa walikuwa na maambukizo ya kinywa ya aina za 16 na 18 pungufu kwa zaidi ya asilimia 90. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa saratani ya koo, kwa sababu mpaka sasa hakuna kipimo cha kuigundua HPV ya koo kabla haijawa saratani, kama kilivyopo kwa mlango wa kizazi. Msichana aliyechanjwa hamwambukizi mumewe wa kesho; kwa hiyo chanjo ya binti ni ngao ya kijana pia. Australia na Uingereza huwachanja na wavulana, na siku akiba ya chanjo itakaporuhusu, nchi hizi nazo hazina budi kulifikiria jambo hilo.

Gharama yake? Kwa nchi zinazosaidiwa na mfuko wa kimataifa wa chanjo, dozi moja hununuliwa kwa chini ya dola 6. Bei ya dozi moja tu ya dawa iliyotajwa hapo juu ingetosha kununua chanjo za wasichana zaidi ya 1,600. Hesabu hii isitumiwe kumtelekeza mgonjwa aliyekwisha ugua, kwani mgonjwa huyo ana haki yake. Lakini inaonyesha wapi ukali wa juhudi uwekwe kwanza. Askari anayefundishwa kabla ya vita hugharimu kidogo, na hushinda mara nyingi. Anayefundishwa mwizi akiwa ndani hugharimu sana, na hushinda mara chache.

Adui mkubwa wa kazi hii sasa ni uzushi. Inanong'onwa sokoni, na wakati mwingine katika vyumba vya walimu, kwamba chanjo huwafanya wasichana wasizae. Kufikia mwaka 2017 dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walioyachunguza madai hayo hawakuona uhusiano wowote kati ya chanjo na ugumba. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe ya mlango wa kizazi, na tiba yake ikichelewa. Mwalimu anayeunyamazia uzushi huo anausaidia. Mzazi humwuliza mwalimu kabla ya kumwuliza daktari, na jibu la kusitasita la mwalimu mmoja huweza kuondoa darasa zima katika mstari wa chanjo.

Mtumishi wa ofisini naye ana sehemu yake. Jokofu la chanjo lisilo na umeme, gari lililokosa mafuta siku ya kwenda shule za mbali, orodha ya wanafunzi isiyo sahihi, wasichana walioacha shule na hawamo katika daftari lolote: hayo ni mambo ya utawala, wala hayahitaji mshindi wa Nobel kuyatatua. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni juu ya watekelezaji kuhakikisha kwamba uchunguzi wa mapema wa saratani hausahauliwi katika mafao yake.

Hatimaye, liko la kila mmoja. Uvimbe wa shingo usiouma, koo linalowasha bila kukoma, shida ya kumeza, au maumivu ya sikio la upande mmoja yakizidi majuma matatu, si mambo ya kununulia vidonge dukani tena na tena. Ni mambo ya kumpeleka mtu hospitali akaangaliwe na kupimwa. Saratani hii ikikutwa mapema hutibika vizuri, hata kwa mionzi na upasuaji wa kawaida, bila ya dawa za maelfu ya dola.

Sayansi imekwisha tamka kwamba mlinzi yumo ndani ya kila mwili, tayari kwa kazi. Baadhi ya walinzi wamezibwa masikio, na dunia inajifunza kuwazindua kwa gharama kubwa. Wengine, walioko madarasani hivi leo wakiwa na daftari mikononi, wanangoja tu kuonyeshwa sura ya adui mara moja. Kuwaonyesha ni kazi ya siku moja ya shule. Mwalimu na mtumishi wa umma ndio walioshika ufunguo wa siku hiyo, na tahadhari huja kabla ya hatari.